Kilo Sifuri

Miaka kumi na mmoja nililipwa kuuliza maswali.
Mzigo ukifika getini, nani anaupokea?
Akishaupokea, anaandika wapi?
Na wino ukiisha?
Nilichora visanduku na mishale kwenye karatasi za manila,
nikazibandika ukutani, ghorofa ya pili, Kiusa.
Wakubwa walipita na vikombe vya chai,
wakasema mishale yangu imenyooka.

Kisha zikaja mizani za kidijitali,
Uru, Kibosho, Kirua, Mwika,
zikaanza kusema mchana na usiku
bila kungoja niulize.

Nikarudi darasani, jioni tatu kwa wiki,
na umri wangu wa arobaini kasoro mbili.
Aliyenifundisha ni Lemayani, kijana wa Monduli,
ambaye nilipoajiriwa alikuwa bado anavaa kaptula ya shule.
"Dada Aikande, usifungue faili zima, kompyuta itakufa.
Chungulia mistari kumi tu."
Mistari kumi!
Mimi niliyezoea kumsikiliza mtu mpaka mwisho,
hata kikohozi chake kabla ya kusema ndiyo.

Mama akapiga simu: "Wamekushusha cheo?"
Nikamwambia, unaukumbuka mfongo wa kwetu,
maji yanavyoshuka toka msituni
na kila kihamba kina zamu yake?
Ndiyo kazi yangu sasa. Nachimba, nazibua, naelekeza,
ila kinachopita ni hesabu.
Akanyamaza. Nikasikia sufuria ikifunikwa.
"Na aliyerukwa zamu," akasema, "analalamika kwa nani?"
Salio likaisha, lake au langu, sikumbuki.

Mistari milioni sita ya msimu mmoja.
Nilijifunza kuisafisha usiku, umeme ukiwa na utulivu:
majina yaliyojirudia, tarehe za mwaka usiojafika,
gunia moja lenye uzito wa lori.
Nikaandika sheria fupi, nikaionea fahari:
kilo sifuri ni kosa, futa.
Ikafuta mia mbili na kumi na mbili
kwa muda usiotosha kupiga chafya.

Ningelala. Ila zote zilikuwa za Kirua,
na Kirua niliwahi kukaa siku mbili nzima
kwenye benchi lenye mguu mmoja wa tofali,
nikichora mishale yangu, karani akinimenyea ndizi.
Asubuhi nikampigia. Ndelilio akacheka hadi akapaliwa.
"Mia mbili na moja ni mimi,
naigonga mizani kwa kiganja iamke. Ina baridi, kama sisi."
Na zile kumi na moja?

"Hizo ni za Kaanaeli.
Mibuni yake imebaki michache, wajukuu wameing'oa wapande parachichi.
Kila Jumanne analeta kimfuko,
na mizani haihesabu kisichofika kilo.
Nikamwambia, mzee, kusanya, uje mwisho wa mwezi.
Akasema, we bonyeza tu.
Andika nilikuja."

Nilikaa na hiyo simu mkononi.
Dirishani mlima ulikuwa umejifunika, kama kawaida yake ukiutaka.
Katika vile visanduku vyangu vyote
hapakuwa na mshale wa mtu anayefika
bila kitu cha kupimwa.

Nikairudisha ile mistari kumi na moja.
Nikaongeza safu mpya kwenye jedwali,
nikaipa jina: alikuja.
Lemayani akasogeza kiti, akasoma, akajikuna shingo.
"Hii ni ya aina gani, dada? Namba au neno?"
Ndiyo au hapana, nikamwambia.
"Na ripoti gani itaiomba?"

Hakuna bado.
Akaangalia saa, akaangalia mimi,
akaniachia kiti.
Seva ikavuma pembeni. Nikajaza wa kwanza:
Jumanne, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi,
Kirua,
ndiyo.